PUMZI YA MTOTO ALIYE TUMBONI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nyeri)



Huenda wengine wenu mwauliza: Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na mambo ya mimba? Twajibu kwamba tunalo shauri kubwa. Mama anayechuma chai Othaya, anayeuza nguo sokoni Karatina, au anayefua mashuka ya hoteli Nanyuki, huenda kazini na mtoto tumboni. Saa zake za kazi ndizo saa ambazo ubongo wa mtoto huyo unajengwa.

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni yatoka katika damu ya mama, yapita katika kondo ya nyuma, kisha yamfikia mtoto kwa njia ya kitovu. Damu ya mama ikipunguka nguvu, kondo ikiharibika, au kitovu kikibanwa, mtoto hupungukiwa pumzi.

Upungufu huo ni wa namna mbili. Wa kwanza huja polepole, kwa majuma na miezi, kama mama ana upungufu wa damu, au shinikizo la damu, au anavuta sigara. Hapo mwili wa mtoto hufanya kama nyumba wakati wa njaa: kidogo kilichopo hupewa kwanza asiyeweza kungoja. Damu hupelekwa kwenye ubongo na moyo, na viungo vingine hupata masalio. Ndiyo sababu mtoto huyo huzaliwa mwembamba, na kichwa huonekana kikubwa kuliko mwili. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Shida ikizidi, ubongo nao hukua kwa taabu, na baadaye mtoto aweza kuwa mzito wa kujifunza.

Wa pili huja ghafula: kondo ikibanduka mapema, kitovu kikitangulia, au uchungu ukikwama. Hapo chembe za ubongo huanza kufa kwa muda wa dakika. Na hata damu ikirudi, saa kadhaa baadaye chembe nyingine hufa. Mtoto aliyetimiza miezi huumia hasa sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo. Aliyezaliwa kabla ya wakati mara nyingi huumia nyuzi zipelekazo amri miguuni, na miguu hukakamaa.

Daktari William Little wa Uingereza alieleza mwaka 1861 kwamba taabu ya kuzaliwa yaweza kuleta ulemavu huu. Sigmund Freud akaandika mwaka 1897 kwamba mara nyingine shida huwa imeanza zamani, kabla ya uchungu. Siku hizi twajua kwamba yote mawili hutokea. Kwa hiyo tusimlaumu mkunga kwa kila mtoto mlemavu, wala tusiseme mama amelaaniwa.

Je, kuna dawa? Katika hospitali kubwa za ng'ambo mtoto aliyekosa pumzi hupozwa mwili hadi kama digrii 33.5 kwa saa 72, na kazi hiyo lazima ianze kabla ya saa 6 kupita. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, ulionyesha kwamba huko kupoza hakukusaidia, na watoto waliopozwa walikufa zaidi. Basi kwetu sisi kinga ndiyo dawa.

Wengine huuliza kama ni kimo cha nchi yetu. Mji wa Nyeri uko kama mita 1,750 juu ya bahari. Hewa nyembamba hutia wasiwasi hasa kwa mama wanaokaa juu ya mita 2,500. Hatari iliyo karibu zaidi ni jiko la makaa. Katika baridi ya Juni na Julai twaliingiza chumbani na kufunga dirisha. Jiko hilo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa mtoto tumboni hukawia kutoka kuliko kwa mama. Mama akiumwa kichwa na kizunguzungu karibu na jiko, atolewe nje na kupelekwa hospitali, hata akisema amepona.

Tufanye nini? Mama aanze kliniki mapema, kabla ya majuma 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri aonwe mara 8. Damu ipimwe, na vidonge vya kuongeza damu vimezwe. Akivimba uso, akiona giza machoni, akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje kesho wala mwisho wa zamu.

Na hapa ndipo Chama kinapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Yakataza pia mama kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Lakini mama anayelipwa kwa kilo za majani, akienda kliniki, hupoteza chakula cha siku hiyo. Twataka siku za kliniki ziandikwe wazi katika mapatano yetu na waajiri, bila kukatwa mshahara. Twataka tena kila mahali pa kazi pajulikane ni gari gani litakalomchukua mama usiku, na nani mwenye ufunguo.

Ndugu zetu, dakika zilizopotea hazinunuliwi. Wajumbe wa matawi walilete jambo hili katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.