Tuwapokeeje Majeruhi wa Ubongo Wanaporudi Kazini?

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Mkuu wa Shule mstaafu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya watu walioumia ubongo, na namna sisi tunaoshinda nao maofisini na mashuleni tunavyoweza kuwasaidia. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 32, na katika hiyo, 11 nilikuwa Mkuu wa Shule. Ninayo sababu moja tu ya kusimama mbele yenu: niliwahi kumwandikia mwalimu barua tatu za kumtaka ajieleze kwa uzembe, naye hakuwa mzembe.

Mwalimu huyo alikuwa akifundisha hisabati kidato cha tatu na cha nne. Jioni moja alipanda bodaboda kutoka mjini, pikipiki ikaparamia shimo, naye akaangukia kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alilazwa hospitali majuma sita, na katika mawili ya kwanza hakuwatambua hata wanawe. Siku aliporudi shuleni akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akizungumza vizuri, kovu likiwa limekwisha kufunikwa na nywele, tulishangilia. Tulimchangia, tukamlaki kwa pilau na soda, na Jumatatu iliyofuata nikamkabidhi vipindi vyake vyote 24 kwa juma. Kwetu sisi, mtu akishatoka hospitali amepona.

Haukupita mwezi. Alianza kuchelewa. Aliingia darasa ambalo si lake akafundisha nusu kipindi. Alisahihisha mtihani mmoja mara mbili na kutoa alama mbili tofauti. Kelele za wanafunzi, ambazo zamani alizizima kwa kutazama tu, sasa zilimfanya afoke na kurusha chaki. Ikifika saa tano asubuhi kichwa chake kilikuwa juu ya meza. Katika chumba cha walimu maneno yalikuwa ya aina mbili: wengine walisema ni pombe, wengine wakasema amerogwa. Mimi, kwa kuwa nilijiona mtu wa elimu, sikutaka kusikia habari za uchawi, kwa hiyo nikachagua pombe. Nikaandika barua ya kwanza, nikaandika ya pili, nikaandika na ya tatu.

Majibu ya barua ya tatu yaliletwa na mkewe. Alikuja ofisini kwangu na daftari la kawaida la shule. Ndani yake alikuwa ameandika, siku baada ya siku, mambo ambayo mumewe huyasahau: kwamba leo ni Jumanne, kwamba chai amekwisha kunywa, kwamba mama yake mzazi alifariki mwaka juzi, asimpigie simu, kwamba njia ya kwenda shuleni ni ile yenye mbuyu. Akaniambia, "Mwalimu, kila asubuhi namsomea kabla hajatoka. Barua zako pia nimezibandika humu, kwa sababu kila akizisoma huwa ni mpya kwake." Pombe hakuwa ameigusa tangu siku ya ajali.

Ndugu zangu, tangu siku ile nilianza kuuliza na kusoma, na niliyojifunza ningetamani ningeyajua mapema.

Ubongo ni kitu laini sana kilichowekwa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kwenda, ukajipiga kwenye mifupa ya mbele na ya pembeni, na nyuzi zake nyembamba zikavutika na kukatika. Nyuzi hizo zaweza kuharibika nyingi huku picha ya CT ikionyesha kasoro kidogo au isionyeshe kabisa. Na sehemu ya mbele, ambayo huumia mara nyingi, ndiyo inayotuwezesha kupanga kazi, kuanza jambo na kulimaliza, na kuzuia hasira. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi na miguu mizima, ulimi mzima, na hata elimu yake ya zamani nzima, lakini akawa hawezi kuipanga siku yake. Mwalimu wetu hakusahau kanuni hata moja ya hisabati. Alichosahau ni kwamba ameifundisha jana.

Jambo hili halikuanza na bodaboda. Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alitobolewa kichwa na mtaimbo wa chuma uliorushwa na baruti. Ulipita kwenye shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Baada ya miezi kadhaa alitaka kurudi kazini, lakini waajiri wake, ambao zamani walimsifu kuwa msimamizi hodari, walimkataa kwa kuwa tabia yake ilikuwa imebadilika mno. Habari hii husimuliwa sana katika vitabu, na mara nyingi husimamishwa hapo. Sehemu ya pili haisimuliwi sana: Gage alikwenda Chile mwaka 1852, na kwa miaka kadhaa akaendesha magari ya abiria yavutwayo na farasi. Kazi ile ilikuwa na saa maalumu, njia ile ile, na mambo yale yale ya kufanya kila alfajiri. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba utaratibu huo ndio uliomrudishia sehemu kubwa ya utu wake kabla hajafariki mwaka 1860. Mimi sioni ajabu. Daftari la yule mama lilikuwa likifanya kazi hiyo hiyo.

Ubongo ulioumia hupata nafuu kwa haraka zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka mingi. Nafuu hiyo haipatikani kwa kulala tu. Hupatikana kwa kurudia, kwa kupumzika kabla ya kuchoka, kwa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kwa kuwa na watu wasiochoka kukumbusha. Tunao wataalamu wa viungo, wa usemi na wa kumfundisha mtu upya kazi za kila siku, lakini ni wachache, na wengi wamo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mtu wa kijijini hawezi kupanda basi kila juma kwenda kukumbushwa jinsi ya kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza utengemao wa watu wenye ulemavu ufanyike katika jamii wanamoishi, kwa mikono ya ndugu, majirani na walimu. Huko Uingereza, mwaka uliofuata, kilianzishwa chama cha Headway, ambacho leo kina vikundi mahali pengi ambamo majeruhi na jamaa zao hukutana. Chama hicho hutoa hata kadi ya kumweleza polisi kwamba mwenye kuyumba na kukokoteza maneno si mlevi. Nilipoisoma habari ya kadi hiyo, niliona haya.

Sasa, sisi tufanye nini? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake, nao ulemavu huu ni ulemavu ingawa hauna gongo. Aliyeumia akiwa kazini anayo pia haki chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Afisa Utumishi asingoje majeruhi ajaze fomu mwenyewe, kwa maana kujaza fomu ndiyo kazi asiyoiweza. Lakini mengi hayahitaji sheria wala fedha. Pale shuleni tulimpunguzia mwalimu yule vipindi vikawa vinane, vyote vya asubuhi. Maagizo yote tulimwandikia. Saa nne alipumzika katika stoo ya vitabu, mahali pasipo kelele. Mwalimu kijana alikaa naye meza moja na kila siku walipitia andalio la somo pamoja. Walimu wengine walinung'unika kwamba mzigo umewaangukia wao, na kusema kweli uliwaangukia.

Yako mambo mawili siwezi kuyaacha. La kwanza ni kifafa, ambacho humpata mmoja au mwingine baada ya kuumia kichwa, hata miaka ikiwa imepita. Si pepo. Kina dawa, na dawa hiyo haiachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri. La pili ni watoto. Huanguka miembeni, hugongwa na magari wakivuka barabara, wakalala hospitali siku chache na kurudi darasani. Madhara yao pengine hayaonekani mpaka masomo yawe magumu, na wakati huo hakuna anayekumbuka ajali. Walimu wangapi humu ndani wamemchapa mtoto wa namna hiyo kwa kutosikiliza? Nami nimo.

Ama juu ya kofia ngumu, uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha mwaka 2008 kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa mpanda pikipiki anayepata ajali, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Najua wengi wenu mmekuja hapa kwa bodaboda. Sikuona kofia nyingi pale nje.

Mwalimu yule hakurudia vipindi vyake 24. Alifika 14, akabaki hapo, na wanafunzi wake walifaulu. Barua zangu tatu zilikwisha kuingia katika jalada lake, na nilichoweza kufanya ni kuandika ya nne ya kuzifuta. Juzi nilikwenda nyumbani kwake kumwomba ruhusa ya kulieleza jambo hili mbele yenu. Alikubali, kisha akamwomba mkewe daftari, akaandika tarehe ya leo, ili nikipita kwake jioni akumbuke kuniuliza nimesema nini.