Utamu wa Pombe na Ukali Wake

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Njombe na Makambako

  Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kila mtu ana daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu linahusu pombe. Najua kuna mzee mmoja huko nyuma amekwisha kucheka. Anasema, "Bwana Elimu atufundishe kusoma. Kunywa tunajua wenyewe." Haya, mzee wangu, nivumilie kwa robo saa tu. Sikuja kuhubiri. Mimi ni mtoto wa huku huku, na ulanzi naunywa. Nataka tuzungumze juu ya jambo moja tu: pombe iliyo tamu na kali kwa wakati mmoja, na jinsi inavyomdanganya mtu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilipomaliza stashahada yangu ya chuo kikuu, mwenzangu mmoja aliyekuwa masomoni Ubelgiji alirudi nyumbani na chupa nne ndogo za bia. Bia hiyo inaitwa Rochefort 10. Inatengenezwa katika monasteri ya watawa wa kiume, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto kama watawa wa Peramiho. Msishangae kusikia kwamba watawa wanapika bia. Huko Ulaya wamefanya kazi hiyo kwa karne nyingi.

Ilikuwa mwezi wa saba, hapa Njombe, saa mbili za usiku. Baridi yenyewe mnaijua. Tulikuwa wawili, tukafungua chupa moja moja. Bia ilikuwa nyeusi nyeusi, kama chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikasahauliwa jikoni. Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya ndizi mbivu, zabibu kavu na sukari iliyoungua kidogo. Nikaonja. Tamu! Nzito mdomoni, laini, haina uchungu wa kukunja uso. Baada ya kumeza ndipo niliposikia joto likishuka kifuani taratibu. Nikamwambia mwenzangu, "Hii ni ya watoto. Lete ya pili."

Tukanywa ya pili. Niliposimama kwenda nje, miguu haikunitii. Nilishika ukuta, nikarudi kukaa, nikachukua chupa tupu na kuisoma kibandiko chake. Kiliandikwa 11.3, na mbele yake ile alama ya asilimia. Ndiyo, ndugu zangu: mtu wa stashahada alisoma baada ya kunywa.

Sasa mwalimu, andika ubaoni neno ASILIMIA. Maana yake ni sehemu katika kila mia. Bia ikiwa na asilimia 5, maana yake ukiigawa bia hiyo mafungu 100 yaliyo sawa, mafungu 5 ni kilevi chenyewe, yaani alkoholi, na 95 ni maji na vitu vingine. Chupa kubwa ya bia ya kawaida ina mililita 500. Basi, 500 mara 5, gawanya kwa 100. Tunapata 25. Andikeni: mililita 25 za alkoholi.

Chupa ile ya Ubelgiji ilikuwa ndogo, mililita 330 tu. Tuseme asilimia 11, ile desimali isitusumbue. 330 mara 11, gawanya kwa 100. Tunapata 36 na kidogo. Mnaona? Chupa ndogo imeishinda kubwa. Nami nilikunywa mbili, kwa hiyo niliingiza mwilini mililita 72, karibu sawa na chupa kubwa tatu, huku nikisema ni ya watoto.

Kwa nini ulimi wangu haukuniambia? Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Kila pombe hutokana na sukari. Kuna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ile inayofanya povu. Kwa kawaida, kadiri hamira inavyokula, utamu hupungua na ukali huongezeka. Tazameni ulanzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akaning'iniza mbeta, maji yakadondoka humo. Asubuhi huja kuteka na kukata tena ncha kidogo, jioni vile vile. Ulanzi mbichi, ule tunaouita mtogwa, ni mtamu kwa sababu sukari yake bado haijaliwa. Msiuchanganye na togwa ya nafaka. Hiyo ni nyingine. Ukiuweka siku moja au mbili, utamu unaondoka, unakuwa mkangafu. Mkangafu unauma ulimi, nao ndio unaolewesha.

Basi sisi watu wa huku tumejifunza kanuni moja tangu utoto: tamu ni dhaifu, chachu ni kali. Kwa ulanzi, kanuni hiyo inafaa. Lakini si kweli kwa kila pombe.

Maana hamira nayo ina kikomo. Alkoholi ikizidi, inaidhuru hamira yenyewe, ikaacha kula. Sasa fikirini mpishi anayetia sukari nyingi kupita kiasi, au asali nyingi. Hamira inakula, inatoa alkoholi nyingi, halafu inachoka kabla ya kumaliza. Sukari iliyobaki inabaki. Unapata pombe iliyo kali sana na bado ni tamu. Bia ile ya Ubelgiji ilitengenezwa kwa nafaka na sukari nyingi. Na hapa kwetu tunayo ndugu yake: kangara. Hupikwa kwa pumba za mahindi na asali, na siku hizi wengi hutumia sukari ya dukani. Kangara iliyopikwa vizuri ni tamu, inateremka yenyewe. Tena haina kibandiko, wala mpishi hawezi kukuambia ni asilimia ngapi, kwa sababu hakupima. Kangara ya leo si ya jana, hata kama ni mkono ule ule ulioipika.

Baba yangu mkubwa alikuwa mnywaji wa ulanzi maisha yake yote. Alijua kipimo chake: mtogwa vikombe vingi, mkangafu vichache. Mwaka mmoja, nikiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alikwenda msibani kijiji cha pili, mwezi wa saba kama huo huo wangu. Mianzi ilikuwa imekwisha kukauka, kukawa na kangara tu. Aliionja, akaiona tamu, akaipimia vikombe vya mtogwa. Aliondoka usiku peke yake kwa miguu. Asubuhi akina mama waliokwenda shambani walimkuta kando ya tuta la viazi, kulikuwa na jalidi kwenye majani. Koti lake alikuwa amelivua, amelikunja vizuri, ameliweka chini ya kichwa kama mto. Alikuwa hai. Alikaa siku tatu, akafa kwa kichomi.

Watu walisema amerogwa, kwa nini mtu avue koti kwenye baridi ile? Nimekuja kuelewa baadaye. Alkoholi hutanua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu yenye joto hukimbilia huko, mtu akajisikia moto. Lakini joto hilo linatoka nje. Tumbo, moyo na mapafu vinazidi kupoa. Mwenye kulewa hasikii kwamba anapoa. Ile joto niliyoisikia mimi kifuani, naye aliisikia.

Sitaki kuwakataza kangara. Nawaambieni ninavyofanya mimi. Pombe nisiyoijua naiuliza: ina nini ndani yake, na sukari ilitiwa lini? Nakunywa kikombe kimoja, kisha nakaa nusu saa nikizungumza na watu, maana ulevi huchelewa kufika. Na kama ni ya chupa, natafuta namba kabla ya kuifungua. Ninyi mliokuwa hamjui tarakimu mwaka jana, namba hiyo sasa mnaweza kuisoma wenyewe bila kumwuliza mwuzaji. Na akina mama, mtogwa tunaowapa watoto: hamira huanza kazi humo humo ndani ya mbeta, juu ya mwanzi, kabla mgema hajarudi. Uliotekwa asubuhi si ule ule ifikapo jioni.

Jambo la mwisho ni muda. Ini la mtu mzima huondoa alkoholi polepole, kama mililita 10 kwa saa, na kwa wengine pungufu. Kahawa haiongezi mwendo, wala kuoga maji baridi, wala supu. Mimi na mililita zangu 72 nilihitaji saa saba na zaidi.

Sasa kazi ya nyumbani. Wenzetu wa Makambako wanakaa njia panda, malori ya Mbeya, Songea na Dar es Salaam yote hupita hapo. Andikeni hivi: Dereva amelala Makambako. Saa nne za usiku amekunywa chupa tatu za bia, kila moja mililita 500, asilimia 5. Saa kumi za alfajiri anawasha gari. Je, mwilini mwake zimebaki mililita ngapi? Walimu, msiwape jibu. Tutalifanya pamoja wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.