Picha za Ng'ambo: Kamanga Katika Filamu Pana

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya picha hizi mnazoziona ukutani, ambazo zote zimepigwa Kamanga na kandokando yake, na zote zimepigwa kwa kamera ya filamu pana. Ndugu Katibu amenipa dakika ishirini na ameniweka kabla ya chakula, kwa hiyo naelewa kuwa nina wasikilizaji wenye njaa na sitawachosha.

Wengi wetu tunaijua Kamanga kama mahali pa kupita tu. Mtu anashuka kivukoni, anatafuta gari la Sengerema au Geita, na siku ya kurudi anakimbia asiachwe. Na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa lile daraja la kilometa 3 kati ya Kigongo na Busisi, wako hata wasiopita tena. Lakini walimu wetu wa jiografia walitufundisha maneno mazuri sana, "sura ya nchi", na mimi nasema kwamba kama nchi ina sura, basi inastahili kupigwa picha kama anavyopigwa bwana harusi. Kamanga ina mawe ya matale yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga, ina maji ya Ghuba yanayobadilika rangi mara tatu kwa siku, na ng'ambo yake inauona mji wa Mwanza wote umelala juu ya vilima.

Kwa faida ya vijana, nieleze kidogo juu ya kamera yenyewe. Filamu inayotumika huitwa namba 120. Kampuni ya Kodak iliitoa mwaka 1901, na hadi leo bado inatengenezwa, ingawa kwetu sharti uiagize kutoka nje. Upana wake ni karibu sentimita 6, nayo huviringishwa pamoja na karatasi nyuma yake ili isipate mwanga. Katika kamera yangu kila picha ni ya mraba, milimita 56 kwa 56. Kamera ndogo tulizozizoea zilitumia filamu ya milimita 35, ambayo picha yake ni milimita 24 kwa 36. Mwenye hesabu azidishe: utapata 3,136 kwa upande mmoja na 864 kwa upande mwingine. Maana yake ni kwamba negativu ya filamu pana ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu, na kitu kidogo kilichoko mbali, kama mtumbwi au jiwe, kinapata nafasi ya kuonekana badala ya kuwa doa. Jambo hili la jiwe nitalirudia, maana ndilo lililonileta hapa.

Kamera yangu ni Yashica Mat-124 G ya Kijapani, kamera ya macho mawili. Jicho la juu ni la kutazamia na la chini ndilo linalopiga. Niliinunua mwaka 1979 kwa mpiga picha mmoja wa mjini aliyekuwa anafunga studio yake. Unaishika tumboni na kuinamisha kichwa, unatazama kioo kilichoko juu. Mzee mmoja wa Kamanga aliniangalia kwa muda mrefu kisha akamwuliza mwenzake, "Huyu mwalimu anasoma nini mle ndani?" Na katika kioo kile kulia huwa kushoto. Kivuko kinachokwenda Mwanza utakiona kinarudi Kamanga. Mwanzoni kinakuvuruga akili, baadaye unazoea, na mimi naamini kinakufanya utazame zaidi, kwa kuwa hakuna kitu unachokichukulia kuwa unakijua.

Kila mkanda ulikuwa na picha kumi na mbili, basi. Kazi yangu ilikuwa ualimu. Kamera ilikuwa ya kuongezea chumvi nyumbani. Nilipiga harusi, ubatizo, maulidi, na picha za vitambulisho. Wale wa umri wangu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, filamu ilipokuwa haba kama sabuni. Katika hali kama ile hakuna aliyelipa ili mlima upigwe picha. Lakini harusi ikiisha na mkanda ukabakiwa na picha mbili, huwezi kungojea harusi nyingine mwezi mzima wakati wateja wanadai picha zao. Basi mabaki yale niliyatumia kwa nchi. Ukiona ukutani pale picha zilizopigwa kati ya mwaka 1981 na 1988, ujue kila moja ni ya kumi na moja au ya kumi na mbili ya mkanda fulani, na kabla yake kuna bibi harusi.

Sasa nije kwenye neno la kugawana, ambalo ndilo kubwa zaidi. Picha ya mtu ina mwenyewe. Utampelekea na atakulipa. Picha ya nchi ni ya nani? Nilipoanza kupiga mawe na pwani bila watu, nilionwa kwa jicho baya, na sikuwalaumu waliofanya hivyo. Mwaka 1974 watu wa mkoa huu, kama wa mikoa mingine, walihamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji, na wengi waliacha makazi yao ya tangu babu. Katika picha ya namba 3 mtaona mistari ya minyaa imesimama peke yake porini bila nyumba. Yale ni mahame. Mtu aliyekwisha kuona nchi yake inapimwa na kupangwa na wageni wenye vifaa, akimwona mwingine anaielekezea chombo, atauliza: unaipeleka wapi? Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu langu lilikuwa kuwarudishia picha. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikaeleza, na kila picha niliyopiga nakala yake ya kwanza ilivuka maji na kurudi Kamanga kabla sijamwonyesha mtu mwingine.

Kurudisha picha hakukuwa kazi ya gharama kubwa. Negativu ya filamu pana ina raha moja ambayo ndugu yake mdogo hana. Unailaza juu ya karatasi ya picha, unaibana kwa kipande cha kioo, unawasha taa kwa sekunde chache, na umepata picha ya sentimita 6 ambayo mtu anaweza kuishika mkononi na kuitambua. Huhitaji mashine ya kukuzia. Matatizo yalikuwa joto na maji. Dawa za kusafishia filamu zinataka nyuzi 20 za Selsiasi, na maji yetu ya bomba ni kama 25. Nilitumia mtungi: maji yakilala mtungini usiku yanapoa vya kutosha, na yakikataa unapunguza muda, dakika nane zinakuwa kama sita. Kwa ukungu, ambao ni adui mkubwa wa negativu pembeni mwa ziwa, niliziweka katika kopo la maziwa pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa, maana mchele mkavu hunywa unyevu. Miaka arobaini baadaye negativu hizo ni safi. Makopo mengine ya enzi ile, ambayo nimepata kufunguliwa katika nyumba za watu, yametoa utando na harufu ya siki tu.

Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Mnakumbuka jinsi pwani zilivyoliwa, mashamba na nyumba pamoja. Mwaka uliofuata nilichukua picha zangu za zamani nikavuka nazo, nikaomba meza kwa mama lishe mmoja karibu na kivuko, nikazipanga. Watu walijaa. Hawakuzitazama kama tunavyotazama sisi hapa, kwa kusema ni nzuri au si nzuri. Walizisoma. Huyu alisema pale ndipo nyavu za dagaa zilipokuwa zikianikwa, yule akamsahihisha kwamba hiyo ni pwani ya chini zaidi. Vijana hawakuamini kwamba mbele ya lile jiwe kubwa lililopasuka palikuwa na mchanga wa kuchezea mpira.

Kisha mama mmoja, mtu mzima, akaichukua picha ya mwaka 1984, ambayo sasa ni namba 7 pale ukutani. Aliisogeza machoni, akaiweka mbali, akaniambia, "Mwalimu, hebu nipe hilo jicho lako." Nikampa kioo cha kukuzia. Akaweka kidole chini ya mkuyu. Palikuwa na mawe matatu. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi na sijapata kuyajali mawe yale. Akasema, "Baba yupo hapa."

Baba yake alizikwa nyumbani, kama desturi ilivyo, mwaka 1981. Maji ya mwaka 2020 yaliuchukua mkuyu na kuyafunika mawe. Yalipopungua yaliacha tope tupu, na ndugu wakawa hawapatani juu ya mahali penyewe. Kaka yake alisema ni kaskazini zaidi, yeye akasema hapana, na hawakuwa wakisemezana vizuri. Hatukuwa na kipimo kingine ila picha. Basi tulikwenda nayo. Tulitafuta kwanza mahali nilipokuwa nimesimama, na hilo si kubahatisha: unatembea huku na huku mpaka ncha ya jiwe lililopasuka ikae sawasawa na kilele cha kilima kilichoko nyuma yake, kama vinavyokaa katika picha, halafu unatafuta jozi nyingine ya vitu upande wa pili. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo palipokuwa miguu yako. Kutoka pale tukalenga ulipokuwa mkuyu. Mama akasimika kijiti chake. Kaka mtu alikuwa amekwisha simika cha kwake, kama hatua kumi na tano mbali. Aliishika picha kwa muda mrefu bila kusema neno, akatazama jiwe, akatazama picha, kisha akakwenda akang'oa kijiti chake.

Mwaka 2024 ziwa likapanda tena.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu na picha zinagawanywa kwa kidole. Ni kweli, nami ninayo. Lakini picha ikipita WhatsApp hukondeshwa njiani, na mawe matatu ya mama yule yangekuwa ya kwanza kutoweka. Na simu ikianguka majini, zimekwenda zote. Filamu pana pia haina uchawi wenyewe; mwenye kuifungia kabatini amepoteza sawasawa na aliyeangusha simu. Tazameni Zanzibar: Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit Oza akaiendeleza, na kwa kuwa picha zilitunzwa na kuwekwa wazi, watu wameweza kuuona mji wao wa zamani. Na tarehe 7 Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17 waliipiga dunia kwa kamera ya Hasselblad ya Kiswidi, yenye filamu ya upana wa milimita 70 na picha ya mraba kama ya kwangu. Bara letu la Afrika linaonekana humo kutoka Bahari ya Mediterania hadi kusini kabisa. Picha ile iliachiwa watu wote, na imekuwa miongoni mwa picha zilizosambazwa sana duniani. Sidhani kuna picha ya nchi iliyo kubwa kuliko hiyo, na katika picha hiyo Kamanga imo, ingawa sina kioo cha kuionyesha.

Vijana, Mkuu wa Shule amekubali kwamba kamera hii ibaki hapa shuleni pamoja na mikanda kumi. Nawaomba mfanye jambo moja tu lisilo na mbwembwe. Mara mbili kila mwaka, mwezi Mei ziwa linapokuwa juu na mwezi Oktoba linapokuwa chini, vukeni, msimame juu ya miamba ile ile mitano niliyoiandika katika daftari, mpige. Kutoka Kamanga mpige Mwanza wakati wa alasiri, maana asubuhi jua linatoka nyuma ya mji na litawaingia ndani ya lenzi. Mkiwa upande wa mjini fanyeni kinyume chake. Na msilisahau Jiwe la Bismarck, kwa kuwa kila mgeni amelipiga, na kwa hiyo kuna picha nyingi za zamani za kulinganisha mstari wa maji. Nyuma ya kila picha andikeni tarehe, saa, mahali mliposimama na mlikoelekea. Nakala ya kwanza mpelekeeni mwenyekiti wa kitongoji. Mkitaka kuzitia negativu katika simu, zilazeni juu ya kioo cheupe chenye mwanga, pigeni kwa karibu, kisha geuzeni nyeusi iwe nyeupe. Ila msizitupe negativu zenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu ananionyesha saa. Picha zote za ukutani ni za wageni kuchukua baada ya chakula, kila mtu moja, na jina liandikwe katika daftari pale mlangoni. Namba 7 naomba isiguswe. Mwenyewe anakuja na kivuko cha saa tisa.