Kisu Kikinolewa Mno Huisha

Siku hizi mijini kwetu hamkosi kijana mwenye simu mkononi anayefuatilia bei ya dola, yuro au dhahabu. Nchini Kenya biashara hii ya fedha za kigeni kwa njia ya mtandao iliwekewa kanuni zake mwaka 2017, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nyuma ya biashara hiyo wamekuja wauzaji wa kile wanachokiita roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe. Muuzaji hukuonyesha chati ambayo mstari wake unapanda kwa miaka kumi mfululizo. Toa akiba yako, anasema, nawe utapanda nao. Leo nataka tuulize jambo moja tu: mstari huo ulipatikanaje?

Wako wafanyabiashara wanaotazama mwenendo wa bei peke yake, bila kushughulika na hesabu za kampuni wala siasa za nchi. Kanuni yao moja ya zamani ni hii: piga wastani wa bei za siku kadhaa zilizopita. Bei ya leo ikiwa juu ya wastani huo, nunua. Ikiwa chini, uza. Lakini wastani wa siku ngapi? Hapo ndipo kompyuta inapoitwa. Inapewa bei za miaka iliyopita, inajaribu siku tano, sita, saba, mpaka mia mbili, kisha inatoa jibu. Tuseme inajibu kwamba siku 43 zingeleta faida kubwa kuliko zote. Kazi hiyo ndiyo naiita kunoa kanuni.

Kunoa kuna manufaa yake, na asiyejaribu kanuni yake kabla ya kuitumia anacheza kamari. Majaribio huua mapema mawazo mabovu. Huonyesha kama faida inabaki baada ya kulipa ada ya dalali na ile tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Humwonyesha mtu pia hasara ambayo angepaswa kuivumilia njiani, ili ajue mapema kama ana kifua cha kuibeba.

Hatari huanza pale tunapoiamini namba iliyoshinda kwa sababu tu imeshinda. Chukua kanuni yenye vipimo vitatu, kila kimoja ukijaribu kwa namba 50. Hayo ni majaribio 125,000. Kati ya hayo lazima liwepo moja lililong'ara, hata kama kanuni yenyewe haina thamani yoyote. Wape watu 1,000 sarafu, kila mmoja arushe mara kumi. Ni kawaida kabisa mmoja wao kupata kichwa mara zote kumi. Je, mtampa huyo fedha zenu awarushie?

Katika miaka ya 1990 Mmarekani David Leinweber aliupima upuuzi huu kwa makusudi. Alichambua takwimu nyingi akakuta kwamba uzalishaji wa siagi nchini Bangladesh ulilandana vizuri mno na bei za hisa za Marekani kwa miaka aliyoitazama. Alikuwa anatoa onyo. Baadaye, kwa kicheko chake, wapo waliomtafuta wakitaka takwimu mpya za siagi.

Kuna utafiti mzito zaidi. Mwaka 1992 wataalamu watatu, Brock, Lakonishok na LeBaron, walijaribu kanuni 26 kwa bei za hisa za Dow Jones tangu 1897 hadi 1986, wakaona kwamba zilikuwa na uwezo wa kubashiri. Mwaka 1999 wenzao, Sullivan, Timmermann na White, walirudia kazi hiyo kwa kanuni karibu 8,000, wakikata sehemu ya sifa inayotokana na wingi wa majaribio. Kwa miaka ile ya kale, kanuni bora ilisimama hata baada ya kukatwa. Lakini walipoipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996, ubora wake haukuonekana tena. Kwa hiyo maradhi ni mawili. Bahati huweza kuvaa joho la ujuzi. Na hata ujuzi wa kweli huchakaa, maana soko hubadilika.

Afanye nini basi anayetaka kunoa kwa kiasi? Kwanza, atazame majirani wa namba iliyoshinda. Ikiwa siku 43 zinaleta faida lakini 40 na 46 zinaleta hasara, hiyo ni ajali. Ikiwa kuanzia 30 hadi 60 zote zinafanya vizuri, huenda pana kitu. Pili, aweke kando sehemu ya bei za nyuma, anoe kwa miaka ya mwanzo, kisha aijaribu kanuni kwa miaka ambayo haikuiona. Robert Pardo alieleza njia ya kufanya hivyo hatua kwa hatua katika kitabu chake cha 1992. Lakini miaka hiyo ijaribiwe mara moja. Ukirudi kurekebisha kila unapofeli, umekwisha kuuona mtihani.

Na kwa msikilizaji aliyewekewa chati mezani, nasema hivi. Muulize muuzaji alijaribu kanuni ngapi kabla ya kupata hii, na zile zilizoshindwa ziko wapi. Muulize imefanya nini tangu siku ilipokamilika, kwa fedha halisi na baada ya ada zote. Akikosa jibu, au akianza kukuharakisha, funga mkoba. Ada ya shule ya mtoto haipaswi kuwa jaribio la 125,001.

Kisu butu hakikati, ndugu zangu, lakini kisu kikinolewa mno huisha, ukabaki na mpini. Tukutane wiki ijayo.