Hesabu ya tansio inabadilika mpakani, ugonjwa haubadiliki

(Mazungumzo mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi)



Wengi wetu tulianza dawa za presha kambini, kule Lugufu ao Nyarugusu. Wengine walianzia Zambia. Sasa tumerudi nyumbani, na hapa presha inaitwa tansio. Jina si kitu. Hesabu njo inatudanganya.

Mimi mwenyewe ilinidanganya. Tanzania walinisomea 160 kwa 100. Nikaogopa, nikameza dawa kila siku. Kufika hapa, muuguzi akanipima, akasema: "Kumi na sita juu ya kumi." Nikacheka kwa furaha: kutoka 160 mpaka 16! Nikaacha dawa. Kiisha miezi mitano, asubuhi moja, mkono wa kuume ukakataa kushika kikombe. Mungu alisaidia, mkono ukarudi. Wengine haurudi.

Mukumbuke hivi: ni kipimo kimoja. Tanzania wanahesabu kwa milimita. Hapa, kama Wafaransa, wengi wanahesabu kwa sentimita. 16 ya hapa ni 160 ya kule. 14 juu ya 9 ni 140 kwa 90.

Kuko jambo la pili. Hata mpaka wa kusema "huyu ni mgonjwa" haulingani kila nchi. Marekani, mwaka 2017, waliushusha toka 140 kwa 90 mpaka 130 kwa 80. Walitegemea sana uchunguzi wa watu zaidi ya 9,000, uliotoka mwaka 2015, ambamo waliotibiwa kwa nguvu zaidi walipata shida chache za moyo. Ulaya walibaki na 140 kwa 90. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilisema vilevile dawa zianze hapo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo aanze tangu 130. Ukishusha mpaka, watu wengi sana wanahesabiwa wagonjwa kwa siku moja, na kila nchi inapima faida na mzigo wake.

Dawa nazo hivyo hivyo. Uingereza, mtu mweusi mwenye asili ya Afrika huanzishiwa dawa za aina ya amlodipini. Shirika la Afya Duniani linakubali aina tatu, na linapenda mbili pamoja ndani ya kidonge kimoja. Basi munganga akikubadilishia dawa, usifikiri anakuibia. Lakini usimeze ya zamani na mpya pamoja bila kumuuliza. Na mama mwenye mimba aseme mapema, maana dawa zingine zinaumiza mtoto.

Kwa hiyo ndugu yako wa Marekani akikuambia 135 ni ugonjwa, na hapa wakikuambia ungoje kidogo, hakuna muongo. Lakini 160 kwa 100 ni ugonjwa kila mahali, na hakuna nchi inayosema uache dawa sababu unajisikia muzima.

Ukienda kupimwa, beba fishi yako na makopo ya dawa, hata matupu. Uliza: hesabu ni ya sentimita ao milimita? Dawa ni gani, miligramu ngapi? Andika.

Mwisho, naomba sanduku letu linunue mashini moja ya kupimia, ikae kwa katibu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya matanga.