Dawa ya Magugu na Chupa ya Soda

Kupalilia mahindi kwa jembe kunavunja mgongo, kwa hivyo simlaumu anayenunua dawa ya magugu. Ninachogombana nacho ni chupa ya soda. Watu wananunua parakwati kwa kuchanga, ile ya kuchoma majani kabla ya kupanda, halafu kila mmoja anabeba kidogo nyumbani. Mtoto akitoka shule na kiu, atajuaje? Funda moja laweza kuua, na dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Akiinywa mkimbizeni hospitalini papo hapo, hata kama bado anacheza. Mapafu huharibika siku za baadaye. Basi mkichanga, mtu mmoja aiweke, katika chupa yake ya dukani, ndani ya sanduku lenye kufuli.