Filamu ya Kiharusi

Iwapo wamo miongoni mwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa, au huko Mchesi mjini Lilongwe, vijana hodari wa kupiga picha kwa simu, basi kazi iliyo aula kwao kuliko kurekodi arusi ni filamu fupi ya Kiswahili juu ya kiharusi, maradhi ambayo wengi wetu hata leo huyanasibisha na majini na husuda, ilhali asili yake ni mshipa wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na sababu yake kubwa ni shinikizo la damu.

Isianze na daktari anayehutubu, hotuba tumezishiba. Ianze na uso: bibi aambiwe atabasamu, upande mmoja wa kinywa ukatae, ainue mikono, mmoja ushuke, ataje jina la mwanawe, ulimi uwe mzito. Lililobaki ni saa, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ipatikanapo, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya ubongo kupigwa picha, nayo Dzaleka iko wilayani Dowa, mbali na hospitali kuu ya Lilongwe.

Filamu ikataze pia kumnywesha mgonjwa chochote, hata aspirini, maana nyumbani hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka.

Enyi vijana, itengenezeni kabla ya tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani.